Barakoa zenye Tundu la Filimbi

Mwanjelwa, Mbeya

Baba,

Shikamoo. Mama naye apokee yake hapa hapa, asije akasema tena kwamba barua zangu zinamruka yeye na kutua kwako. Naanza na kifua chako kabla ya kuuliza kitu kingine, kwa sababu wewe ukiulizwa habari za afya unajibu habari za mahindi. Bado unakohoa alfajiri? Na goti la Mama linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima. Lusajo anaenda kazini, watoto wako nyumbani kwa vile shule zimefungwa, wanakula kuliko walivyokuwa wakisoma.

Barua yako uliyoiweka kwenye basi pale Ipogolo nimeipata. Mwandiko ni wa Mama, amri ni zako. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mbele ya cherehani mpaka mama wa vitumbua aliye jirani yangu akanyanyua shingo kuniangalia. Mara ya pili sikucheka.

Unataka nikushonee barakoa kumi na mbili za kitenge, kila moja iwe na tundu la filimbi, "kama za wale wenzetu wa Mbeya", ili kikundi chako kicheze kwenye sikukuu ya mavuno hapo usharikani bila kuvunja masharti. Unasema umeona picha kwenye simu ya mdogo wangu Falesi. Unasema wazee wenzako wote wameisifu kazi ile, na wewe ukawaambia kwamba aliyeshona ni binti yako. Kweli, Baba, aliyeshona ni mimi. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu, mtu akianza kukuambia usilotaka kusikia, unakata, halafu unasingizia mtandao.

Sasa nikueleze hao wenzetu wa Mbeya ni watu gani.

Ni kikundi cha ngoma cha hapa mtaani, watu kumi na wawili kama nyinyi. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ambakisye, mtu wa Rungwe, umri kama wako, na ubishi kama wako. Katibu wao ni Gwamaka, anayejiita kijana ingawa utosi umeshaanza kung'aa. Huyu Gwamaka hatembei bila faili jekundu kwapani. Anakwenda nalo sokoni, anakwenda nalo msibani, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kuona linafunguliwa. Mavazi yao yote ya ngoma nashona mimi, kwa hiyo ujinga wao wote umepitia kwenye meza yangu.

Ugonjwa huu ulipoingia, ngoma zilikatazwa, harusi zikawa za watu wachache, wao wakakaa wanaota jua. Halafu ofisi moja ikawachagua wazunguke kwenye kata wakiimba namna ya kujikinga. Ungewaona, ungedhani wamepandishwa cheo. Kabla ya kuanza waliitwa semina, na mimi nikaitwa pia kama mshonaji, ili nioneshwe barakoa inavyotakiwa kuwa. Tulifungiwa kwenye ukumbi mdogo, bega kwa bega, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mtaalamu akatufundisha kuepuka msongamano. Tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Alikuwa na maneno mazuri yaliyopigwa pasi kama shati lake. Alisema ugonjwa unaenezwa kwa matone ya mfumo wa hewa.

Yupo mchezaji mmoja anaitwa Tupokigwe, mwanamke mpole anayeuza ndizi. Katika watu wote wale, yeye peke yake alinyoosha mkono.

"Samahani mtaalamu, hiyo matone ndiyo mate?"

Yule bwana akamtazama kama mtu aliyetemewa hayo mate yenyewe. "Ni majimaji ya mfumo wa upumuaji," akasema, akaenda kwenye ukurasa unaofuata.

Angesema "ndiyo" tu, Baba. Neno moja. Lakini "mate" halikuwa neno la semina, lingemchafulia shati. Tupokigwe akashusha mkono, wengine wakamcheka, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nikanyamaza, kwa kuwa nilishajua jibu na niliona aibu kuonekana nimekaa na wasiojua.

Wimbo waliletewa umeshaandikwa kwenye karatasi. Nawa mikono, vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako, epuka matone. Waliushika kwa mchana mmoja na hawakukosea hata neno. Kasuku naye ukimfunga njuga ataimba hivyo hivyo.

Tatizo likawa filimbi. Wao ni kama nyinyi: filimbi ni moja, ya mwenyekiti, na anayeshika filimbi ndiye anayeongoza kwa zamu yake. Akimaliza anaikung'uta mara mbili, anampa wa pembeni yake, naye anaitia mdomoni. Kuifuta ni mwiko, kwa sababu ukiifuta umemwambia mwenzako kwamba ni mchafu au ni mchawi. Ikishazunguka wote inarudi kwa mwenyewe, naye anaipuliza ya mwisho kufunga ngoma. Ukisoma hapa utasema, ndivyo inavyotakiwa. Endelea kusoma.

Siku mbili baada ya kuwakabidhi barakoa zao, Gwamaka akaja kibarazani na faili lake.

"Dada fundi, hizi vitu zinatubania. Mzee hawezi kupuliza."

"Si aishushe kidogo akipuliza?"

"Akishusha, yule bwana ataandika kwamba hatujavaa. Wewe tuwekee katundu hapa katikati. Kadogo tu, ka filimbi kupita."

"Na likishakuwepo tundu, barakoa ya nini?"

"Ya kuvaa," akanijibu, tena kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

Niliziwekea, zote kumi na mbili. Nilipima mdomo wa filimbi, nikachora kwa chaki, nikakata, nikazungushia kingo uzi wa rangi ya dhahabu kama tundu la kifungo kwenye koti la bwana harusi. Jioni nilimsimulia Lusajo, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nilijivunia kazi ile, na nilijua ni upuuzi, yote mawili kwa wakati mmoja.

Walipocheza kwenye uwanja wa karibu na soko nilikwenda kutazama kazi ya mikono yangu. Chini walichora alama za chokaa, kila mtu na alama yake, wakasimama mbalimbali vizuri kabisa. Mtaalamu alikaa kwenye kiti mbele, barakoa yake iko kidevuni. Ngoma ikalia, njuga zikaitikia, wakaimba epuka matone, na Mzee Ambakisye akachomeka filimbi kwenye tundu la dhahabu akapuliza. Kisha akaikung'uta mara mbili. Jua lilikuwa linawaka, na nilipokuwa nimesimama niliyaona matone yenyewe yakianguka kwenye vumbi. Akampa Gwamaka. Gwamaka akaichomeka kwenye tundu lake. Kutoka pale ikaenda mdomo kwa mdomo, tundu kwa tundu, huku watu wakiimba kwa sauti kubwa kwamba tusiambukizane.

Ilipomfikia Tupokigwe alitikisa kichwa, akagusa koo. Alikuwa anakohoa tangu juzi yake na alitaka waruke zamu yake. Ngoma ikasimama. Mzee Ambakisye akamgeukia mbele ya watu wote.

"Gwe mwana, umetuona sisi wachafu?"

"Hapana Baba, ni mimi ninayekohoa."

"Mbeya nani hakohoi? Puliza, usituvunjie ngoma."

Akapuliza. Ungefanya nini? Na mtaalamu, mwenye semina yake na karatasi zake, aliyekuwa amekaa hatua tano kutoka pale, alipiga makofi na akatoa simu akapiga picha. Hiyo ndiyo picha mliyoisifu, Baba. Ukiitazama vizuri, anayeshika filimbi ni Tupokigwe, na anayenyoosha mkono kusubiri irudi kwake ni Mzee Ambakisye.

Sisemi ni Tupokigwe aliyeleta. Siku ile wangeweza kuwa watu watano wanaokohoa, hapa mwezi wa sita hutofautishi mgonjwa na mzima. Gwamaka alianza, akasema ni mafua. Wakafuata wengine wanne. Kisha Mzee.

Nilikwenda kumwona. Mke wake alinisimamisha dirishani kwa nje, mwanamke yule ana akili kuliko semina nzima. Ndani kulikuwa na sufuria ya majani ya mkaratusi inatoa mvuke, na chupa ya tangawizi na limao. Mimi tangawizi siidharau, inapasha moto. Ninachodharau ni mtu kujifukiza asubuhi na jioni, huku filimbi ile ile imening'inia shingoni mwake. Alikuwa nayo, Baba. Alilala nayo.

Akanitambua. Alivuta pumzi kwa shida, maneno mawili anapumzika.

"Fundi, nimefikiri sana. Ile tundu uliifanya kubwa. Ingekuwa imebana, ugonjwa usingepita pembeni."

Yaani mtu huyo aliimba wimbo ule kwenye kata zote, alikariri kila mstari, na akilini mwake ugonjwa ulikuwa kama upepo uliopenya kando ya filimbi. Filimbi yenyewe haikuwahi kumjia. Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningeweza kumwambia. Nikatazama ile sufuria, nikamtazama mke wake, nikasema, "Labda, Mzee." Hicho ndicho nilichomwambia, na ndicho cha mwisho. Yule mtaalamu namdharau kwa kuogopa kusema neno mate kwa watu wazima. Lakini yeye angalau alikuwa anachunga shati lake. Mimi sijui nilikuwa nachunga nini.

Alifariki wiki iliyofuata. Wakasema ni nimonia. Hapa siku hizi kila mtu anakufa kwa nimonia, na waombolezaji wanakumbatiana.

Sasa sikiliza hili, halafu unieleze kama nilikosea kucheka nilipopata barua yako. Siku ya pili ya msiba, Gwamaka alikuja kibarazani, bado amekonda kutokana na ugonjwa, faili kwapani. Alitaka barakoa kumi na moja za kitambaa cheusi. Kwa ajili ya mazishi. Zenye tundu.

Nilimwambia sishoni.

"Dada, unamnyima mzee heshima yake? Tumzike bila filimbi?"

"Gwamaka, ni mate," nikamwambia. "Ugonjwa unakaa kwenye mate. Filimbi ikitoka kwako imejaa mate yako, unampa mwenzako anayala. Tundu liwe kubwa, liwe dogo, liwe la dhahabu, mate ni yale yale. Tupokigwe aliuliza, mkamcheka."

Nilitegemea anitukane. Akasema, "Sasa mbona hawakusema?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Miongoni mwa ambao hawakusema nilikuwepo na mimi.

Mazishini nilikuta saba kati yao wamekwenda kwa fundi mwingine ng'ambo ya barabara, wamevaa nyeusi zenye matundu, tena kingo zimeachwa bila hata uzi, zinachanika. Hata ujinga unastahili kushonwa vizuri. Lakini filimbi haikutoka. Gwamaka aliiweka juu ya jeneza na ikashuka nalo kaburini. Wachezaji wakabaki wanatazamana, maana bila filimbi hakuna anayejua zamu ni ya nani. Hapo ndipo Gwamaka akainua faili lake jekundu juu ya kichwa, akaongoza. Alipomaliza akampa Tupokigwe, Tupokigwe naye akaliinua akaongoza, akampa mwingine. Faili likazunguka mpaka mwisho. Ilikuwa ni vibaya kutazama, watu wazima wanacheza ngoma ya maziko na faili la ofisini, karatasi ya wimbo inachungulia kwa pembeni. Lakini ngoma ilikwenda na zamu zikajulikana. Nililia sana siku ile, na sijui ni kwa sababu ya Mzee au kwa sababu lilikuwa jambo rahisi kiasi hicho.

Wiki moja haijapita tangu tumzike, barua yako ikafika. Kumi na mbili, za kitenge, zenye tundu.

Baba, wewe si mjinga. Ndiyo maana hasira yangu kwako ni kubwa kuliko kwao. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu, uliniachia filimbi nikushikie, nikaifuta kwa gauni kabla ya kukurudishia? Ulinichapa mbele ya Shangazi. Ukasema nimemwaibisha kila aliyeipuliza. Niliifuta kwa sababu ilikuwa imelowa. Mtoto wa darasa la tatu aliona imelowa.

Kaa ufikiri nani anapuliza wa mwisho. Wewe. Unaanza na unamaliza, kwa sababu filimbi ni yako. Wenzako kumi na mmoja wakishapita, mate ya wote yanaishia kwenye mdomo wako, na nyuma ya mdomo huo kuna kifua kilichomeza vumbi la mbao miaka yote ile ya kupasua magogo. Mzee Ambakisye hakuwahi kupasua magogo. Kifua chake kilikuwa kizima.

Usinijibu kwamba hapo kijijini ugonjwa haujafika. Falesi anashusha abiria Mlandege mjini kila siku na kurudi kula kwenye sahani zenu. Usinijibu kwamba unakunywa tangawizi. Na usinijibu kwamba babu zenu walipuliza hivyo hivyo. Nimeyasikia yote hapa, kutoka kwa mtu ambaye nimemzika.

Mkitaka kucheza, chezeni uwanjani, si ndani ya jengo la usharika. Ule usinga wa mkia wa ng'ombe unaoutundika ukutani na kuutoa wageni wakija, ndio uzunguke. Mwenye usinga ndiye mwenye zamu. Filimbi ipulize wewe peke yako, au isipulizwe. Mwishoni mwa mstari pawe na ndoo ya maji na sabuni. Na kikombe cha pombe ya ulanzi, najua kinazunguka kuliko filimbi, usidhani nimekisahau. Kila mtu aje na chake kutoka nyumbani. Wazee wakisema binti yako wa Mbeya amekuwa na kiburi, waambie ndiyo, alikuwa nacho tangu darasa la tatu.

Naogopa, Baba. Nimeandika kurasa zote hizi kwa ukali kwa sababu ukali ndio ninaoujua, lakini kilicho chini yake ni woga tu. Sitaki kusimama nje ya dirisha lako nikakuambia "labda".

Nisalimie Shangazi Sekunda, mwimbishaji wako, umwambie kamwene kutoka kwangu, na umsomee hii barua yote, si nusu. Nisalimie Mjomba Yohana anayetunza ngoma, aache kuzipasha moto ndani huku madirisha yamefungwa. Falesi mwambie anawe kabla ya kubeba wanawe, na simu yake aitumie kunipigia mimi, si kutazama picha. Bibi mkubwa wa nyumba ya chini mpelekee ile khanga iliyofungwa juu kabisa ya furushi. Mama atasoma barua hii kabla yako, kama kawaida yake, kwa hiyo yeye namshukuru mapema.

Kwenye furushi kuna barakoa zako kumi na mbili. Kitenge ni kile cha bluu ulichokipenda, kitambaa ni mara mbili, kingo nimezizungushia uzi wa dhahabu ili wazee wako wasikose cha kusifu. Hazina tundu. Ukilitaka, mkasi wa Mama uko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, unajua mwenyewe. Utazikata wewe, kwa mkono wako, mezani, Mama akiwa amekaa mbele yako anatazama. Mimi nimeshakata kumi na mbili, na mmoja wa waliozivaa nimemzika.

Mwanao anayekupenda na kukukasirikia,

Tulizo